Mume Wangu Ameichagua Bahari, Mimi Nimebaki na Ratiba

SWALI

Assalamu aleikum, Shangazi.

Ninakuita hivyo kwa heshima ya safu yako, ingawa huenda mimi ndiye niliyekutangulia kuzaliwa. Nina umri wa miaka 64, ni mzaliwa wa Mombasa, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeishi Uingereza nikifanya kazi ya uuguzi hadi nilipostaafu. Mume wangu ni wa kwetu pia, mtoto wa nahodha wa jahazi, na kwa miaka mingi alikuwa akiendesha basi katika mji tunaoishi. Watoto wetu walichangishana fedha wakatulipia safari ya meli ya kitalii inayoondoka Southampton, kupita Madeira, kuvuka Atlantiki hadi visiwa vya Karibi na kurudi kupitia Azores, safari ambayo kwa jumla inachukua zaidi ya mwezi mmoja. Ninakuandikia nikiwa Bridgetown, Barbados, kwa sababu intaneti ya melini inauzwa kwa bei ya kuumiza, na hapa nchi kavu nimeipata kwa bei ya kikombe cha kahawa.

Tukiwa bandarini hatuna ugomvi. Tunashuka pamoja, tunazunguka sokoni, tunauliza bei za vitu tusivyokusudia kununua, kisha tunarudi. Ugomvi wetu huzaliwa katika zile siku ambazo meli haitii nanga popote, ambazo wenyewe huku huziita siku za bahari, na baada ya kuiacha Funchal tulikuwa nazo mfululizo kwa karibu juma zima.

Kila jioni mhudumu wa chumba hutuachia kitandani ratiba ya kesho yake, karatasi iliyojaa pande zote mbili. Mimi huichukua na kalamu, nikaweka alama. Saa tatu asubuhi kuna mazoezi ya viungo, saa nne mhadhara wa historia ya Karibi, saa tano kikundi cha akina mama wanaofuma sweta, saa sita nahodha anatangaza kwenye vipaza sauti mahali tulipo, mwendo wa meli, upepo na kina cha maji. Alasiri kuna kwaya ya abiria, kisha chai na keki, kisha mashindano ya maswali ambayo watu huyachukulia kwa uzito kana kwamba mshindi atapewa hati ya shamba. Nimefanya kazi za zamu tangu ujana wangu, Shangazi, na siku isiyo na mpangilio hunitia wasiwasi mpaka mikono ikaanza kuniwasha.

Mume wangu haitazami karatasi hiyo hata mara moja. Akishaswali alfajiri hushuka kwenye sitaha ya matembezi, akachagua kiti kilicho nyuma kabisa, karibu na tezi, chini ya kivuli cha mashua za kuokolea, na hapo hukaa na misbaha yake akitazama maji. Hasomi, hazungumzi na mtu, wala halali. Huja kula saa saba, hujinyoosha kidogo chumbani, kisha hurudi kitini pake mpaka jua linapozama. Chakula cha jioni tunakula meza moja na wenzetu sita tuliopangiwa, na kila usiku lazima mmoja wao aniulize kwa upole kama mume wangu anaumwa. Siku moja nilituandikisha sote wawili katika timu ya maswali, nikakaa na kiti kitupu kando yangu mpaka mwisho. Nilipomkabili alinijibu kwa kifupi: "Mimi nimekuja baharini, wewe umekuja shuleni." Tangu siku hiyo hatujazungumza vizuri, isipokuwa tukiwa nchi kavu.

Kilichonipa faraja ni kijana mmoja anayehudumu kwenye mkahawa wa juu. Wahudumu wote hapa huvaa beji kifuani yenye jina na nchi yao, na siku ya kwanza niliposoma Kenya kwenye beji yake nusura nimwage supu. Ni kijana wa Pwani, wa Kiswahili hasa, ananiita mama na kuniamkia kila anaponiona. Siku za bahari nimekuwa nikipanda huko mkahawa unapokuwa umetulia, baada ya saa tisa, ili tupate kuzungumza kuhusu nyumbani. Mara ya mwisho msimamizi wake alipita akatutazama, akarudi akatutazama tena, na kijana akaondoka na trei yake kabla sijamaliza sentensi. Siku iliyofuata nilimkuta amepangiwa upande mwingine wa mkahawa. Mume wangu aliposikia alisema, "Mwache mtoto wa watu afanye kazi."

Sasa mbele yetu kuna visiwa vichache, halafu tunavuka tena bahari ile ile kurudi. Nifanye nini ili mume wangu anifae katika siku hizo? Na je, ni kosa mtu wa umri wangu kutaka kuzungumza lugha yake na kijana wa kwao?

Wako,
Mpweke Melini

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Nimeitanguliza barua yako mbele ya nyingine zilizokuwa zikisubiri, kwa sababu meli ikishang'oa nanga kwa safari ya kurudi hutanisoma tena kwa urahisi.

Nitaanza na kijana, ingawa wewe umemweka mwisho, kwa maana kati yenu watatu ni yeye peke yake mwenye cha kupoteza. Kutaka kuzungumza lugha yako si kosa, na sina shaka kwamba naye alifurahi kumwona mama wa kwao katikati ya Atlantiki. Lakini siku unayoiona wewe kuwa imetulia, kwake ndiyo siku nzito kuliko zote. Meli inapokuwa bandarini, abiria wengi hushuka, mikahawa ya mchana hupumua, na maduka na kasino hufungwa kwa sababu ya sheria za ushuru na leseni za nchi husika. Mhudumu mwenye bahati hupata saa mbili tatu za kushuka, akapiga simu nyumbani bila kulipa bei ya melini. Siku ya bahari mambo hugeuka: abiria wote wamo ndani, wote wanakula milo yote, maduka na kasino yako wazi, na hakuna anayeshuka kwa sababu hakuna pa kushukia. Ukihesabu kifungua kinywa, chakula cha mchana, chai ya saa kumi na chakula cha jioni, utaona kwamba siku yake huanza kabla mume wako hajakaa kitini na huisha baada ya wewe kulala.

Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioandaliwa chini ya Shirika la Kazi Duniani, unampa baharia, na mhudumu wa mkahawa melini ni baharia kwa maana hiyo, mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku saba. Saa hizo zinaweza kugawanywa katika mafungu yasiyozidi mawili, na fungu moja lisipungue saa sita. Kwa mtu wa mkahawani, fungu la pili kwa kawaida huangukia alasiri, kati ya kusafisha meza za mchana na kuandaa za jioni. Wewe ulifanya kazi za zamu, kwa hiyo utanielewa upesi: zile dakika za baada ya saa tisa ulizoziona kuwa nafasi nzuri ya mazungumzo, ama alikuwa bado kazini na msimamizi akihesabu meza alizobakiza, ama zilikuwa zinamegwa kutoka katika usingizi wake. Katika hali zote mbili hakuweza kukwambia, kwa kuwa wewe ni abiria na pia ni mama, na kijana aliyelelewa Pwani hamkatishi mama maneno.

Sijui kama kuhamishwa kwake upande mwingine kulitokana nanyi, maana wahudumu hupangwa upya mara kwa mara bila kisa. Hata hivyo makampuni mengi ya meli za kitalii yana kanuni kali kuhusu ukaribu wa wahudumu na abiria, na mhudumu anayekutwa katika chumba cha abiria pasipo kazi hupakiliwa kwenye ndege ya kwenda kwao bandari inayofuata. Ninajua wewe ulitaka mazungumzo tu. Msimamizi aliyesimama upande wa pili wa ukumbi, asiyejua Kiswahili, hana namna ya kujua hivyo. Kwa hiyo usimwalike popote, usimtafute anapokuwa amepangwa, wala usimpe zawadi kubwa mbele za watu. Akija mezani kwako mwitikie salamu yake, muulize habari za nyumbani kwa maneno mawili, mwachie nafasi ya kwenda.

Jambo la kumfaa lipo, na hulifanyi kwa mdomo. Chukua fomu ya maoni kwenye meza ya mapokezi, uandike jina lake kama lilivyo kwenye beji, mahali anapohudumu na jambo moja mahususi alilolifanya vizuri, mathalani namna alivyowahudumia wazee au alivyokumbuka kwamba hamli nyama isiyo halali. Maoni yanayomtaja mtu kwa jina husomwa na wakuu wake na humsaidia unapofika wakati wa kuongeza mkataba au kumpandisha cheo, na mikataba yao ni ya miezi kadhaa tu kila mara. Ninakusihi uyaandike sasa, ukiwa bado katika visiwa, kuliko kungoja siku ya mwisho ambapo kila mtu anawaza masanduku.

Sasa nije kwa mume wako, ambaye nakiri kwamba nimempenda. Jibu lake la shule lilikuwa kali, na mtu mzima angeweza kutafuta maneno laini zaidi kwa mke aliyekuwa amekaa na kiti kitupu. Lakini uliandika jina lake katika timu bila kumuuliza, dada yangu, na kwa hilo siwezi kukutetea. Barua yako inasema alikuwa dereva wa basi kwa miaka mingi, yaani mtu aliyekaa kwenye kiti akitazama mbele, akihesabu dakika kati ya kituo na kituo huku watu wakimlalamikia mgongoni. Leo amepata kiti ambacho hakina usukani wala kengele, naye ameamua kukitumia. Sioni dalili ya ugonjwa katika mtu anayeamka kwa swala, anayekuja kula kwa wakati na anayekaa mahali pamoja ambapo mkewe anajua pa kumpata. Ungeniambia kwamba amekataa chakula, au kwamba halali usiku, au kwamba hata bandarini hashuki, ningekushauri umpeleke kwa daktari wa meli.

Jambo jingine uliloligusa na kulipita haraka ni kwamba baba yake alikuwa nahodha wa jahazi. Mtoto wa nahodha wa zama hizo alikua akimwona baba akiondoka na kusi kuelekea Uarabuni na Ghuba na kurudi na kaskazi, na kati ya misimu hiyo miwili hakukuwa na simu wala barua ya uhakika. Huenda hii ndiyo mara yake ya kwanza kukaa siku baada ya siku mahali ambapo baba yake aliishi nusu ya mwaka. Nami ninashangaa kidogo kwamba katika barua ndefu kiasi hiki hukuandika hata mara moja kwamba umewahi kumuuliza anaona nini. Umemuuliza kwa nini haji. Hilo ni swali tofauti kabisa.

Ushauri wangu ni kwamba msigawane siku nzima, kwa sababu hamtaiweza. Wekeni miadi miwili isiyovunjwa na kila mmoja awe huru katika saa zinazobaki. Miadi ya kwanza iwe saa sita mchana, na iwe kwenye kiti chake. Wewe umesema hapo ndipo nahodha anatangaza mahali mlipo, mwendo, upepo na kina. Nenda na ramani ndogo ya Atlantiki, ambayo maktaba ya meli au ofisi ya mapokezi haitakosa nakala yake, ukae kando yake, muweke alama pamoja mahali mlipofikia. Ukisikia kwamba chini yenu kuna zaidi ya mita 4,000 za maji, au kwamba upepo umebadili upande, mwachie yeye akueleze maana yake. Utampata mzungumzaji. Miadi ya pili iwe meza ya jioni, na hapo yeye ndiye atakayekuwa na deni: aje amevaa vizuri, hata ikiwa ni kanzu na koti usiku wa mavazi rasmi, kwa kuwa vazi la heshima la kwao mtu hukubaliwa, naye awasimulie wenzenu jambo moja aliloliona siku hiyo. Mtu aliyekaa tezini mchana kutwa katika maji hayo ya joto hakosi kuwa ameona samaki waitwao panzi wakiruka makundi makundi na kuteleza juu ya maji, au mwani wa kahawia unaoelea kwa mistari mirefu, na ninakuhakikishia kwamba wenzenu wengi walikuwa wakitazama skrini wakati huo. Hawatakuuliza tena kama anaumwa.

Kuna jambo moja ambalo ni lazima uliandae mapema, kwa sababu safari ya kurudi haitafanana na ile ya kuja. Mlipokuwa mkielekea magharibi mlikuwa na upepo wa kaskazini-mashariki mgongoni, ule ule uliomvusha Columbus mwaka 1492. Meli ikienda kwa mwendo wa noti 18, yaani maili 18 za baharini kwa saa, na upepo wa noti 15 ukitokea nyuma, mtu aliyekaa sitahani anabaki na noti tatu tu za upepo, ambao ni upepo wa kupunga uso. Mkigeuza omo kuelekea Azores hesabu hiyo inageuka, kwani upepo wa mbele huongezwa kwenye mwendo wa meli, na noti zinaweza kufika 30 na ushei. Kisha kila siku mnapopanda kaskazini joto litapungua, mawimbi ya majira ya baridi yatakuwa marefu zaidi, na zitakuwapo siku ambazo nahodha ataamuru milango ya sitaha ifungwe. Kiti cha mume wako kitakwisha, angalau kwa siku kadhaa.

Nakuomba usiichukulie hali hiyo kuwa ushindi. Mtafutieni kiti kingine mapema, ndani, chini ya sitaha za juu na katikati ya meli ambako mtikisiko ni mdogo, kando ya dirisha kubwa linalotazama maji. Watu hugombania viti vya namna hiyo siku za baridi, wengine huviwekea taulo au kitabu tangu alfajiri kisha wakaenda zao. Yeye anayeamka kwa swala hatakuwa na haja ya hila hiyo. Na kwa kuwa atakuwa ndani, huenda kikundi chako cha kufuma kikawa hatua chache kutoka alipo. Usimwite. Kaa ulipo, ufume, atakuona.

Saa nazo zitabadilika. Barbados iko saa nne nyuma ya Uingereza katika majira haya, kwa hiyo mlipokuwa mkija mlipata usiku wa ziada ya saa moja mara nne, na kurudi mtazirudisha zote, moja moja. Siku ya saa 23 humchosha mtu wa umri wenu kuliko anavyotarajia, na wengi hugombana na wenzi wao katika siku hizo bila kujua kwamba ni usingizi tu unaowadai. Siku iliyopunguzwa saa, futa jambo moja katika ratiba yako, likiwezekana lile la saa tatu asubuhi. Ikiwa mnatumia vidonge vya kila siku, wewe muuguzi hunihitaji nikueleze namna ya kupanga saa zake. Kibla nacho kitageuka: wakati wa kuja kilikuwa nyuma yenu, upande wa tezi, ndiyo maana mume wako alikuwa na kiti karibu na mahali pa kuelekea, wakati wa kurudi kitakuwa mbele, kidogo upande wa kulia, na ramani inayoonyeshwa kwenye televisheni ya chumbani itakusaidia kukihakiki kila siku.

Kuhusu upweke wa lugha, ambao naona ndio uliokusukuma kwa yule kijana, unaye mtu anayezungumza Kiswahili cha Mombasa anayelala kitanda kimoja nawe. Ule muda uliokuwa ukiupeleka mkahawa wa juu baada ya saa tisa, mpelekee yeye chai ya rangi kitini pake kabla ya kwaya, mkae robo saa, kisha uende kwenye mambo yako. Hana haja ya kuimba.

Timu ya maswali usiiache, kwa kuwa ni dhahiri unaipenda. Mezani penu mko wanane. Ukimtoa yeye bado kuna sita wa kuchagua, na yule aliyekuuliza kwa upole zaidi kuhusu afya ya mume wako huenda alikuwa akingoja kualikwa.